Namna ya Kumpima Apandaye Nguzo

1

Bado.


2

Neno hilo moja, kwa wino wa bluu, ndilo lililokuwa ripoti nzima. Aliliandika Mzee Luhwano Kilasi, msimamizi mkuu wa mafundi wa laini katika Kampuni ya Umeme wa Luhengula, mbele ya jina la Sikudhani Mtewele. Ilikuwa mara ya tatu. Atukuzwe Nyagawa, ofisa mafunzo, aliigeuza karatasi kutazama kama nyuma kuna maelezo. Nyuma palikuwa peupe. Nje ya dirisha ukungu wa Njombe ulikuwa umezimeza nguzo za uwanja wa mazoezi, na msichana mwenyewe alikuwa amesimama barazani, kofia ngumu kwapani, akingoja kuambiwa.

Atukuzwe akatoka, akamwambia. Sikudhani hakulia wala hakubisha. Aliuliza jambo moja tu.

"Bado nini, dada?"

Atukuzwe akaitazama tena karatasi, kisha akarudi nayo ndani.


3

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE

Mnajulishwa kuwa kuanzia muhula ujao tathmini za umahiri kwa mafundi wa laini zitafanyika kupitia mfumo wa mafunzo mtandaoni, kwa kutumia orodha hakiki. Mkaguzi atamtazama mwanagenzi akitenda, naye ataweka alama ya vema katika kila hatua iliyofanyika ipasavyo. Maoni ya jumla yasiyotaja hatua hayatapokelewa. Msimamizi wa zoezi hili ni Bi. Atukuzwe Nyagawa, ambaye maswali yote yaelekezwe kwake.

Kwa niaba ya Mkurugenzi.


4

(Kantini. Chai ya maziwa, viazi vya kukaanga, sauti bila nyuso.)

— Kumbe sasa simu ndiyo itapanda nguzo.

— Mzee Kilasi kasemaje?

— Hajasema kitu. Kamaliza chai yake, kaondoka.

— Hapo ndipo pabaya.

— Mimi naona ni sawa. Mwaka jana aliniandikia bado kwa kuwa sikumwamkia.

— Wewe ulidondosha koleo likapita pembeni mwa sikio lake.

— Na hilo nalo.


5

Wewe unayesoma, huenda hujawahi kutengeneza kitu cha namna hii, basi kaa hapa karibu na Atukuzwe umtazame. Kioo cha kompyuta kinamuuliza maswali kama karani mpole. Jina la tathmini? Anaandika. Nani atakaguliwa? Anaandika. Nani atakagua? Anasita, kisha anaandika: L. Kilasi. Halafu kinakuja kisanduku kitupu, na juu yake maneno: *Ongeza hatua ya kwanza.*

Akafungua kitabu cha mwongozo, akanakili:

☐ Anapanda nguzo kwa usalama.

Akajiegemeza kitini akaisoma tena. Ilikuwa "bado" ileile, imevaa koti refu.

Akaifuta.


6

Alimkuta Mzee Kilasi uwanjani, ameinama, anagonga mashina ya nguzo kwa nyundo, sikio karibu na mti, akisikiliza kama umeoza ndani.

Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba bila nyundo kusimama. Akaeleza alichojia. Mzee akamjibu kwamba kazi ya jicho haiandikiki. Angekuwa anatafuta karani angetaka karatasi, lakini alikuwa anatafuta mafundi. Atukuzwe hakushindana naye. Aliuliza tu: mtu akianza kupanda, jicho la mzee huanzia wapi?

Nyundo ikasimama.

Mikononi, alisema. Kisha akafikiri, akasema hapana, kabla ya hapo. Huanzia kwenye glovu: je, amezijaza pumzi na kuzibana aone kama zinavuja? Akaonyesha. Halafu mkanda: je, amevuta mara ya pili baada ya kusikia kufuli likilia? Akaonyesha hilo pia. Halafu kile kifaa cha kupimia umeme: je, amekijaribu kwanza mahali anapojua umeme upo, au amekiamini tu kwa sababu kimenyamaza? Halafu waya wa ardhini, unaoupeleka udongoni umeme ukirudi ghafla: je, umefungwa kabla mkono haujagusa laini? Mzee alikuwa amesahau kwamba amekataa. Alizunguka nguzo ile kama mtu anayecheza ngoma ya kwao, na Atukuzwe akamfuata nyuma akiandika, viatu vimelowa umande.

Jua lilipopenya ukungu, "bado" ilikuwa imevunjika vipande. Na kila kipande kilikuwa kitu ambacho mtu anaweza kufundishwa.


Isipokuwa kimoja.


Mzee aliketi juu ya gurudumu tupu la nyaya. Akamsimulia habari za Erasto, mwenzake wa ujanani, katika kazi ya mbali huko kabla hajaja Luhengula. Bosi alikuwa na haraka siku hiyo. Erasto aliingiwa na shaka. Kilasi alimwona akiingiwa na shaka. Erasto akaambiwa panda. Akapanda.

"Nataka fundi anayeweza kukataa," alisema. "Huyu Mtewele ana mikono mizuri kuliko wote. Lakini mara zote tatu nilimpa glovu yenye tundu. Kila mara aliliona. Nikamwambia panda, akapanda."

Atukuzwe akaacha kuandika.

"Mzee, uliwahi kuwaambia kwamba wanaruhusiwa kukataa?"

Mzee Kilasi aliigeuza nyundo yake mikononi, akaiweka chini. Atukuzwe aliinamisha kichwa akaandika:

☐ Amesimamisha kazi penye shaka, hata akiamriwa kuendelea.


7

Jaribio la kwanza la mfumo. Mwanagenzi: Gaufrid Msemwa, kijana wa Ludewa, mwepesi kama kima. Alijaza glovu pumzi. Alivuta mkanda mara mbili. Alipanda vizuri hata wenzake wakaguna kwa raha. Ila aliruka kupima umeme, na akaruka waya wa ardhini.

Mzee Kilasi aliacha visanduku hivyo viwili vitupu, akabonyeza mwisho. Kishikwambi kikafikiri. Kikawaka kijani.

HONGERA! UMEFAULU.

Mzee alikilaza kishikwambi majanini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake.

"Mashine yako imempa maiti cheti," alimwambia Atukuzwe, akaenda zake.


7, mara ya pili

Mkurugenzi, Bwana Mhagama, hakuona sababu ya kuahirisha. Wageni kutoka kampuni nyingine za umeme vijijini walikuwa wamekwisha kualikwa kuja kuona. Dosari zitarekebishwa mbele ya safari, alisema. Atukuzwe alimwambia kwa adabu kwamba huko mbele ya safari kuna nguzo, na juu ya nguzo kuna mtu. Akaomba apewe nafasi. Akapewa, kwa shingo upande.

Akarudi kwenye mipangilio. Aligundua kosa lilikuwa lake na la mashine kwa pamoja: mfumo ulikuwa unajumlisha alama na kutafuta wastani, naye hakuwa ameukataza. Wastani unafaa kwa mahindi gunia kwa gunia. Kwenye waya wenye umeme hakuna wastani. Kuna aliyepima, na kuna aliyekufa.

Akashuka chini ya ukurasa, hadi mahali ambapo watu wengi hawashuki.

NJIA YA KUPATA MATOKEO: wastani wa alama → *hatua za lazima zote zitimizwe*

HATUA HII NI YA LAZIMA: ☑

HATUA HII NI YA LAZIMA: ☑

HATUA HII NI YA LAZIMA: ☑

KISANDUKU KIKIACHWA WAZI: mkaguzi aandike sababu ☑

MWANAGENZI AIONE ORODHA KABLA YA SIKU YA TATHMINI: hapana → *ndiyo*

Kwa hili la mwisho alisimama kidogo, kidole hewani. Ndipo akabonyeza.

Gaufrid akapanda upya, kwa makusudi akiruka palepale. Kishikwambi kikawaka chekundu, na chini ya wekundu yalikuwepo maneno ya Mzee Kilasi mwenyewe: *Hakupima. Hakufunga waya wa ardhini. Angekufa.* Gaufrid aliyasoma, kisha akayasoma tena. Akavua kofia. Akamwambia mzee kwamba tangu aanze kazi hii, leo ndiyo mara ya kwanza ameelewa anachotafutiwa.

Mzee alimgeukia Atukuzwe.

"Hii sasa inasema."


8

SIKUDHANI, KATIKA SIMU YAKE, KITANDANI KWA SHANGAZI YAKE:

Ninaisoma orodha. Glovu ninaijua. Mkanda ninaujua. Tundu lile niliona, mara zote tatu, dogo kama jicho la sindano. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Kwetu mkubwa akisema fanya, unafanya, ya kuuliza yanakuja baadaye au hayaji. Sasa kuna mstari hapa unaosema ninaweza kukataa.

Ninaurudia. Shangazi ananiuliza kwa nini ninacheka peke yangu.


9

Siku ya wageni ukungu ulikuwa mzito. Walisimama wamejikunyata ndani ya makoti yao, Mkurugenzi katikati, akiwaeleza kwa fahari. Atukuzwe alisimama pembeni ya Mzee Kilasi. Mzee alishika kishikwambi kwa mikono miwili. Mara hii laini ilikuwa ya kweli, ile inayopeleka umeme kwenye karakana. Ilikuwa imekatwa kule mwanzo wake, au ndivyo walivyoambiwa kwa redio.

Sikudhani Mtewele alianza. Akajaza glovu pumzi. Vema. Akavuta mkanda, akavuta tena. Vema. Akachukua kifaa cha kupimia, akakipeleka kwanza penye umeme anaoujua, ukutani kwa karakana ya pili, ambayo haikukatiwa.

Kimya.

Akajaribu tena. Kimya. Akakisogeza sikioni, akakitikisa, akajaribu mara ya mwisho. Kifaa hakikulia.

Akarudi nacho nguzoni, akakiweka chini. Akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye nguzo, akasimama.

Wageni wakatazamana. Mkurugenzi akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayefunika sufuria inayofurika, akasema kwa sauti ya baba kwamba laini imekatwa, amethibitisha mwenyewe kwa redio, asiwe na hofu, apande tu.

Hakuna aliyepanga jambo hili. Betri ilikuwa imekufa kwa baridi, basi. Atukuzwe alitamani kumtazama msichana machoni, akajikataza, kwa kuwa mkono wa kumsaidia ungekuwa mkono wa kumwibia uamuzi wake.

"Panda, binti," Mkurugenzi akarudia. "Wageni wanapata baridi."

Sikudhani alikunja mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

"Samahani, mzee. Kifaa hiki hakisemi kweli. Sipandi."


Sipandi.


Ukungu ulitembea kati yao. Mkurugenzi alifungua mdomo. Mzee Kilasi akainua kiganja, bila kumtazama, na mdomo ule ukafungwa. Kidole cha mzee kilikwenda hadi chini kabisa ya orodha. Kilikuwa kigumu kwa sugu za miaka, kioo hakikukitambua. Akabonyeza tena. Hakikukitambua. Ndipo akakunja ngumi, akagonga kisanduku kile kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi.

☑

Kifaa kingine kikaletwa. Sikudhani akakijaribu, kikalia. Akapima laini, kimya cha kweli. Akafunga waya wa ardhini. Akapanda.


10

SIKUDHANI, JUU:

ukungu uko chini

        sikujua

                kama una mwisho


11

MATOKEO YA TATHMINI

Mwanagenzi: Mtewele, Sikudhani
Hatua za lazima: zimetimizwa zote
Hali: UMAHIRI UMETHIBITISHWA
Maoni ya mkaguzi (si lazima kujazwa): *Amemkatalia mkurugenzi. Anafaa.*


12

— Nimesikia Mhagama kakasirika.

— Alikasirika mpaka wageni walipomzunguka kumpa mkono. Wote wanataka orodha ile. Mmoja amesema kwao hakuna fundi aliyewahi kumkatalia mtu, ndiyo maana hawalali.

— Na Mhagama?

— Kawaambia alikuwa anampima.

— Haya.

— Sogeza viazi.


13

Yaliyofuata yalifuata haraka. Gaufrid akafuzu, akampigia mama yake Ludewa akapiga kelele hadi mlinzi akatoka kibandani. Wasichana wengine wakaomba nafasi. Kampuni za jirani zikatuma watu kujifunza kutengeneza orodha, na Atukuzwe akawafundisha, akianza kila mara na ukurasa ule wa chini ambao watu hawashuki. Sikudhani alipelekwa na kikosi kwenye laini mpya ya milimani, na siku zahanati ya huko ilipowashwa taa, picha ilifika ofisini: wauguzi wanacheza, na nyuma yao, mbali, mtu mdogo juu ya nguzo amenyoosha mkono.

Atukuzwe aliitazama picha hiyo mpaka chai yake ikapoa. Alisikia furaha ikimjaa polepole, kama maji yanavyojaa bwawani: hayana kelele, lakini ndiyo yanayozungusha mtambo.

Mzee Kilasi aliingia bila kubisha. Akasema ana swali. Yeye anawakagua vijana. Je, yeye anakaguliwa na nani?

Atukuzwe alisema mfumo hauna sehemu hiyo.

"Basi iongeze," mzee akasema, akavuta kiti. "Mimi nitakutajia hatua."


14

TATHMINI MPYA
Anayekaguliwa: L. Kilasi
Mkaguzi: A. Nyagawa

☐ Amewaamkia wanagenzi na kuwauliza majina.

☐ Amewaambia, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba wanaruhusiwa kumkatalia.

☐ Akikataliwa, amesikiliza.


15

Wanagenzi wapya wamesimama nusu duara. Atukuzwe ameshika kishikwambi. Kisanduku cha kwanza kimejaa tayari. Mzee ameuliza majina na mawili ameyakosea, akayauliza tena. Sasa amejikohoza. Amekunja kofia kwa mikono miwili. Anaonekana kama mtu aliye chini ya nguzo ndefu kuliko zote alizowahi kupanda.

Anasema. Neno kwa neno, mbele ya kila mtu, anasema.

Vema.

Kisha anawageukia, sauti ya kazi imemrudia, anawaambia wachukue mikanda waanze na nguzo ya kwanza. Wanainama wote kuchukua. Wote, ila msichana mmoja wa nyuma, mwembamba, jina lake ni mojawapo ya yale aliyoyakosea. Ameinua mkono.

Kidole cha Atukuzwe kiko hewani.

"Sema, mwanangu," anasema Mzee Kilasi, naye anashusha kofia, anasikiliza.