Jina Lililobaki kwenye Mfumo

"Hivi mumeo bado yuko kazini?"

Aliniuliza hivyo jirani yetu, fundi viatu wa mlango wa pili, siku aliyokuja kuchukua mashuka yake kwenye udobi wetu. Nilidhani ananitania, tena utani mbaya, maana yeye mwenyewe alibeba jeneza la mume wangu. Akaninyooshea karatasi ya mzigo. Chini, palipoandikwa aliyekabidhi, palikuwa na jina la marehemu, tarehe ya asubuhi ile, saa tatu na dakika kumi.

Ukweli ni kwamba mume wangu ndiye aliyejiandikisha kwenye kompyuta ya kazini, kwa jina lake na neno lake la siri, na alipoondoka duniani sisi tuliendelea kuingia humohumo. Shemeji yangu, dereva, Mama Pasi anayetupigia pasi, mimi, wote tulikuwa marehemu. Neno la siri lilibandikwa ukutani juu ya swichi. Kwa miaka minne mume wangu alipokea mashuka, akayafua, akayapiga pasi na kuyakabidhi, wala hakuugua hata siku moja.

Nilicheka, nikasahau. Hospitali tunayoifulia nguo haikucheka. Bunda moja la nguo za chumba cha upasuaji lilipopotea, waliuliza ni nani aliyelitoa, na karatasi ikawajibu. Wakatuandikia kwamba hadi Jumatatu kila mfanyakazi awe na utambulisho wake, kwa kidole au kwa namba za kwenye simu. Kadi hawazitaki, kwa sababu watu huazimana. Tukishindwa, nguo zao watazipeleka kwingine.

Shemeji, mdogo wake marehemu, ndiye aliyemleta dada wa mifumo ya kompyuta. Alikuja Alhamisi na kompyuta ndogo na kidude cheusi kinachotoshana na kipande cha sabuni. Akatueleza kwamba kujitambulisha ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine: kwanza unasema wewe ni nani, kisha unaonyesha kwamba husemi uongo. Nikamuuliza kama kuna mtu anayeamka alfajiri kuja kudanganya kwamba yeye ni mpiga pasi. Akasema mashine haina njia ya kujua. Niliitikia kwa kichwa, lakini nilikuwa nimeshaachwa nyuma. Mimi niliishia darasa la saba. Kila siku kabla jua halijatoka najileta mbele za Mungu, na hajawahi kuniuliza neno la siri.

Tulianza na simu. Namba sita zinaingia kwenye simu yako, na una nusu dakika ya kuziandika kwenye kompyuta. Dereva akaweza. Mama Pasi alivua miwani, akafuta mvuke, akaivaa, akaandika nne, na zile namba zikabadilika. Mara ya pili akafika ya tano. Shemeji akasema tukisubiri ya sita mashuka yatakuwa yamechafuka upya.

Tukahamia kidole. Shemeji akaweka chake, taa ikawaka kijani. Dereva, kijani. Mimi, mara ya tatu. Mama Pasi akaweka cha shahada, taa ikawaka nyekundu. Dada wa mifumo akamfuta kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akajaribu gumba, cha kati, akahamia mkono wa pili. Akavimaliza vyote kumi. Miaka ishirini na sita ya sabuni na chuma cha moto ilikuwa imevilainisha kama mgongo wa kijiko.

"Wewe mama ungeiba benki," shemeji akamwambia. "Wangekutafuta mpaka wachoke wenyewe."

Tulicheka, na Mama Pasi alicheka kutuzidi. Kisha akauliza, mkono wake bado uko juu ya kile kidude, "Sasa mimi itakuwaje?"

Shemeji alisema, kwa upole tu, kwamba kuna kufagia ua, kazi isiyohitaji mtu kuingia kwenye mfumo. Mama Pasi hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa sababu wa kuweka sahihi nilikuwa mimi. Alikuja kwetu wiki ileile tuliyonunua pasi ya kwanza. Siku ya mazishi ndiye aliyenishika mkono, akaninyamazia, na hiyo ndiyo faraja pekee ninayoikumbuka.

Nikamuuliza dada wa mifumo kama hakuna mlango mwingine. Akafikiri. Akasema mfumo mpya unaweza kuacha jina moja la zamani, na neno lake la siri, kwa ajili ya dharura, siku vidole vikigoma. Nikauliza ni jina gani. Akageuza kompyuta nione.

Moyo wangu ukatulia. Jina lile sikuwa tayari lifutwe, na huyu mwenzangu alikuwa akihitaji jina. Niliona Mungu ameshanifungulia njia, kazi yangu ni kupita tu.

"Basi yamekwisha," nikasema. "Sisi tuingie kwa vidole vyetu, na Mama Pasi aendelee kuwa marehemu."

Hakuna aliyecheka. Dada wa mifumo aliinamia nyaya zake. Nikamtazama shemeji, nikamtazama dereva, nikitafuta nilipokosea.

"Nikiunguza shuka," Mama Pasi akauliza polepole, "atakuwa ameliunguza yeye?"

Nikamwambia ndiyo, asiwe na wasiwasi, hakuna atakayemlaumu.

"Na nikilinyoosha vizuri?"

Niligeuka nikalitazama lile jina kwenye kompyuta.

Mama Pasi alichomoa waya wa pasi ukutani, akaisimamisha wima isije ikaunguza kitambaa cha meza. Akakunja shuka lililokuwa mbele yake mara nne, kona kwa kona, akaliweka juu ya mengine. Aproni akaitundika kwenye msumari wake, ule wa karibu na dirisha. Kisha akapita katikati yetu, akatoka.