Mbwa wa Kuposwa

Nyani walikuwa wamelizoea shamba la Jumwa kule Ngao, kando ya mto, hata wakawa wanachagua: mahindi laini wanakula, magumu wanamwachia mwenyewe. Ndipo akaapa kununua mbwa. Si koko, bali jamani shepadi, yule mbwa mkubwa wa Kijerumani, wa mbegu safi.

Pale stendi ya Garsen alimkuta mchuuzi mmoja, Fondo, amebeba katoni yenye mtoto wa mbwa.

"Orijino huyu, mama. Baba yake yuko polisi."

"Na mama yake?"

"Yuko Malindi."

"Basi nitapita Malindi nimwone."

"Eeh... kwa kweli amehamia Mombasa."

Jumwa akainama. Tumbo la mtoto limevimba, macho yana tongotongo, miguu haijui kusimama.

"Huyu bado ananyonya!" akasema. Huruma ilimshika, nusura amchukue. Lakini alijua akimnunua huyu, kesho katoni itakuwa na mwingine. Akamsihi Fondo amrudishe kwa mama yake, akaondoka roho ikimuuma.

Muuza chai alimwelekeza kwa Hulda, mwalimu mstaafu anayefuga jamani shepadi nje kidogo ya mji. Huko mama mbwa alikuwepo mwenyewe, manyoya yanang'aa. Alimnusa Jumwa viatu, akaridhika, akajilaza. Wanawe wakamvamia vidole.

"Nipe yule mweusi, leo hii," Jumwa akasema.

"Leo hupati, dada. Hawajaacha ziwa, wala hawajachanjwa. Halafu nina maswali." Hulda akavuta kiti. "Mto ukifurika, mbwa atakwenda wapi?"

"Niendako mimi."

"Ukisafiri, nani atamlisha?"

"Mume wangu."

"Anapenda mbwa?"

Jumwa akakohoa. "Atapenda."

"Basi nitakuja kumwona."

"Kumwona mume wangu? Kwani nanunua mbwa au naposa?"

"Unaposa," Hulda akajibu bila kucheka.

Jumwa alirudi nyumbani amenuna. Lakini Hulda alikuja kweli. Alikagua banda, akatazama kivuli kinaangukia wapi mchana, akamhoji Kavumbi, mume wa Jumwa, mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akasema, "Yule mweusi siwapi. Anaogopa kelele, nyani watamfanya mpira. Mtachukua jike la kahawia, lile jeuri. Na mkishindwa naye, mrudisheni kwangu, msimgawe."

Hapo kununa kukamwisha Jumwa. Hajawahi kuona muuzaji anayeisema vibaya bidhaa yake.

Watoto walipoacha ziwa na kuchanjwa, jike lile likaletwa Ngao. Kitu cha kwanza, alikojolea kiatu cha Kavumbi. Jumwa akajiandaa kwa ugomvi. Kumbe alipotoka jikoni alimkuta mumewe amechuchumaa kivulini, anampepea mbwa kwa kofia yake ya kanisani.

Simu ikalia. Alikuwa Hulda.

"Amekula?"

"Amekula, mwalimu."

"Na mumeo?"

"Bado," Jumwa akacheka. "Amesema hali mpaka mbwa alale."