Mzigo wa Fundi

Msimamizi alishamwambia mfagiaji wa ufukweni, mbele ya wenzake, kwamba taka zikionekana tena kwenye mawe ya ufukweni anayoyasafisha, kazi hana. Asubuhi ile mama huyo akakuta mifuko sita iliyopasuka, vipande vya vitambaa na nepi chafu vikielea hadi wanapoogelea watoto. Alipoona mifuko imefungwa kwa utepe wa bluu, damu ikamchemka. Utepe huo ulikuwa wa shemeji yake, fundi cherehani.

Akaipakia kwenye toroli, akaisukuma hadi dukani. Wateja watatu walikuwa wakisubiri. Mezani ilitandazwa suti nyeupe ya bwana harusi.

“Shemeji, mbona umetuletea uvundo?” fundi aliuliza, ameziba pua.

“Ni mzigo wako. Uliusahau baharini.”

Fundi aliwatazama wateja, akacheka. “Shemeji yangu naye kwa vituko. Bahari si ya watu wote?”

“Na meza hii?”

“Hii yangu.”

“Basi umefika kwa mwenyewe.” Akaumwaga wote juu ya suti.

Wateja waliruka nyuma. Fundi aliinyanyua suti iliyochafuka. “Umenikatia riziki, shemeji.”

“Wewe ndiye uliyeanza na yangu,” alisema, akageuza toroli kuwahi mawe yake kabla msimamizi hajafika.