Cheti cha Marehemu

Shuka la wodi ya upasuaji halianzwi kwa maji ya moto. Ukilianza kwa moto, damu inashika, na hapo utasugua mpaka shuka lichanike. Mtawa alilijua hilo kama alivyoijua Baba Yetu. Alikuwa mfuaji wa hospitali ile kwa miaka minane, na Ijumaa hiyo saa mbili asubuhi alikuwa ameshalowesha mapipa matatu, jicho moja kwenye saa ya ukutani.

"Mtawa, mbona leo unakimbizana? Au Bwana Harusi yuko mlangoni?" mwenzake alimtania, na chumba kizima kikacheka.

Utawa wenyewe alikuwa bado hajaupata. Jina alibandikwa na wafuaji walipojua anataka kuingia kwa masista, na limemganda tangu hapo. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka karatasi. Barua ya paroko alikuwa nayo, cheti cha daktari alikuwa nacho. Kilichomtoa jasho ni cheti cha kuzaliwa.

Masista hawapokei aliyefikisha miaka thelathini. Yeye alikuwa na ishirini na tisa, thelathini angeitimiza baada ya miezi miwili. Cheti kilisema thelathini na mbili. Hakikuwa chake hata kidogo. Kilikuwa cha dada yake, aliyefariki akiwa na miaka miwili, mwaka mmoja kabla yeye hajazaliwa. Alipozaliwa alipewa jina lilelile, na shule ilipotaka cheti, baba, Mungu amrehemu, alichomoa kile cha zamani. "Cheti kipo, jina lipo, mtoto yupo. Nihangaike nini?" Akaona amemaliza kazi.

Dawa ilikuwa moja: mama aape kwamba mtoto wa kwanza alikufa. Na mama alikuwa hataki kusikia. Mtoto yule alizikwa yeye akiwa amelazwa, hajiwezi. Kaburi hakuliona likifukiwa. Wa pili alipozaliwa alimkumbatia akasema, "Karudi." Tangu siku hiyo hajawahi kutamka kwamba alifiwa. Mtawa alimwomba mara moja, miaka minne iliyopita. Mama alinyamaza siku tatu, na binti hakurudia tena. Aliona haya. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza, na sasa aliijutia.

Juzi mama mwenyewe alisema, "Haya, twende. Nisije nikaambiwa nilimzibia Mungu njia."

Msimamizi alimpa saa mbili za ruhusa. "Ukizidisha, hiyo siku imekatwa," alisema bila kumtazama.

Mama alikuwa amekwishafika kwenye ofisi ya vizazi na vifo, amevaa nguo yake ya kanisani. Walikaa kwenye benchi mpaka karani alipomaliza chai yake.

"Mama, mtoto aliyeandikwa hapa yuko wapi?" karani aliuliza.

Mama alimtazama binti yake, kisha akatazama sakafu. "Alikufa."

"Sema kwa sauti, mama. Ni kiapo hiki."

"Mwanangu alikufa!"

Foleni nzima iligeuka. Karani alimshika mama dole gumba, akalikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Mama akatoka nje. Mtawa akamnong'oneza mlangoni atangulie nyumbani.

Aliporudi dirishani, karani alikuwa ameshachukua faili jingine.

"Bado barua ya zahanati alikofia," alisema.

"Zahanati ilifungwa zamani, kaka yangu."

"Basi faili linakwenda makao makuu. Miezi sita, wakiwa na haraka. Kwa sasa, dada, kwa karatasi hizi wewe ndiye uliyekufa, na aliyesimama hapa hajazaliwa." Akacheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Mbona hamkuja mapema?"

Swali hilo lilimuuma kuliko yote, maana jibu alikuwa nalo.

Hakurudi kazini. Siku ikatwe, potelea mbali. Alikwenda kwa masista na nakala ya daftari la ubatizo aliyopewa na paroko. Sista mlezi, aliyemfundisha kusali Rozari tangu utotoni, aliisoma polepole. Majina mawili yaliyofanana, tarehe mbili, na kando ya la kwanza msalaba mdogo uliochorwa kwa mkono.

"Sista, si unaona? Daftari ni la Kanisa lenyewe!"

"Naona, mwanangu. Nakuamini." Sista alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lakini kanuni inataka cheti cha serikali. Mwaka jana tulimpokea mmoja kwa huruma, tukaandikiwa barua kali. Mungu huita kwa njia nyingine pia. Unaweza kumtumikia huko huko kwenye mashuka."

"Huko ndiko niliko, Sista," alisema Mtawa, akaikunja nakala yake akaondoka.

Alimkuta mama jikoni, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mapajani, dole gumba limesimama peke yake, jeusi.

"Umerudi. Unaondoka lini, nikufulie nguo za kwenda nazo?"

Mtawa alikaa chini, kwenye sakafu. Njia nzima alikuwa ametunga uongo, na wote ukamtoka kichwani.

"Siendi, mama. Wamekataa."

Mama alisimamisha mkono juu ya ungo.

"Kwa hiyo mbele ya watu wote wale," alisema, "nimemzika mwanangu bure."

Mtawa alichota maji baridi kwenye beseni, akachukua kipande cha sabuni ya kazini, akaushika ule mkono, akaanza kusugua taratibu, kama alivyosugua mashuka ya watu kwa miaka minane. Maji yalibadilika rangi. Dole lilibaki jeusi vilevile.