Samaki wa Harusi ya Kibirichia

Jumamosi tulikula harusi, Jumapili kanisa likawa nusu tupu, na kufikia Jumatatu asubuhi Kibirichia yote ilikuwa imeshatoa hukumu: ni samaki.

Hukumu hiyo haikuwa ngumu. Sisi ni watu wa viazi na mbuzi. Wazee wetu walimwita samaki nyoka wa maji, na hata leo kuna nyumba ambako sufuria ikishapika samaki hairudi tena kwenye maharagwe. Lakini Kiogora, bwana harusi, anafanya kazi hotelini Mombasa, na alisema hawezi kuoa bila samaki wa bahari mezani. Akamwagiza Mursal, mfanyabiashara mwenye kibanda cha samaki karibu na uwanja wa Kinoru, mjini Meru. Mursal akawaleta kwa pikapu yake wakiwa kwenye sanduku kubwa la barafu, akapewa kipande cha keki, akaenda zake.

Sasa watu walikuwa wanahara na kutapika, na vijana wameapa kushuka Kinoru kumbomolea kibanda.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Nilimpigia simu Bwana Kivuti, afisa wa afya, naye akaja na vichupa vyake. Kivuti ni mtu wa Kibugu, kule Embu, anapenda utani, lakini akishavaa glavu utani unapungua. Alichukua sampuli kwa wagonjwa, akaniita pembeni.

"Mama Nelius, chifu anataka nifunge kile kibanda. Nimemwomba asubiri majibu ya maabara. Maabara ikisema ni samaki, nitafunga, sina njia nyingine. Wewe zunguka nyumba kwa nyumba. Lakini usimwulize mtu kama alikula samaki."

"Sasa nimwulize nini?"

"Ukimwuliza hivyo atakuonyesha samaki kwa kidole, hata kama alikula mawe. Mwulize alitia nini mdomoni tangu alipoamka. Kila kitu, hata maji ya kumezea dawa."

Kabla sijafika lango la kwanza, Mursal alinipigia.

"Mama Nelius, wallahi samaki wale wale nilikula na watoto wangu. Kibanda hicho ndicho mama yao na mimi tulichojenga tangu tuoane. Kikifungwa kwa ajili ya ugonjwa, nani atanunua kwangu tena? Niombee."

"Ninaomba. Na wewe omba."

"Mimi nimeanza tangu alfajiri," alisema.

Basi nikazunguka. Kwenye kila lango nilisimama kidogo, nikasema, Bwana, nionyeshe. Kisha nikabisha.

Wa kwanza kumkuta alikuwa Mzee Marete, anachimba viazi huku anapiga mluzi.

"Muuga, Mzee," nilimsalimu. "Tumbo?"

"Tumbo lina nini? Nilikula samaki mpaka Kiogora akaanza kuniangalia vibaya. Nikamalizia na vichwa."

"Na kunywa?"

"Chai. Juisi yao ilikuwa baridi sana, na meno yangu unayajua."

Nyumba ya pili ilikuwa ya Nyanya Kiende. Huyu alikuwa kitandani, macho yameingia ndani, lakini ulimi haukuwa mgonjwa hata kidogo.

"Mimi sikumgusa yule nyoka! Nilikaa upande ambao hata moshi wake haufiki. Andika hivyo."

Nilimpa maji ya chumvi na sukari, nikamwombea, nikaondoka nimechanganyikiwa. Mla samaki anachimba viazi, asiyekula yuko kitandani.

Jumatano Kivuti alirudi na majibu. Alikuwa hacheki.

"Ni bakteria wa maji ya bahari," alisema. "Ni ndugu wa karibu wa kipindupindu, ila ni mpole kidogo. Amepatikana kwa wagonjwa wote. Hata kwa Nyanya Kiende."

Bahari haifiki Kibirichia kwa miguu yake. Ilikuwa imekuja kwa pikapu ya Mursal.

Tulikwenda kwa Nyanya. Marete alikuwa amekuja kumjulia hali, na aliposikia majibu alipiga paja.

"Nyanya! Ungesema tu, tungekuwekea mkia!"

"Marete, nikiamka hapa nitakupiga na hii fimbo! Nimesema sikula!"

Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Nyanya, mimi nakuamini. Hebu tuanze asubuhi. Uliamka, ukatia nini mdomoni?"

"Uji. Wa nyumbani kwangu."

"Harusini je?"

"Mukimo wa viazi. Nyama ya mbuzi. Na juisi, bilauri baada ya bilauri. Juisi tamu, baridi mpaka meno yanaimba. Celina aliitia barafu."

Mimi na Kivuti tuliangaliana.

"Barafu ya wapi?" aliuliza Kivuti polepole.

Celina ndiye mama wa bibi harusi, na ndiye aliyesimamia jikoni. Tulimkuta akisugua masufuria. Alitujibu bila wasiwasi wowote.

"Ile ya kwenye sanduku. Mursal alisema, 'Barafu msiimwage mpaka samaki waishe.' Nikaona basi ni kitu cha thamani. Samaki walipokwenda kwenye karai, barafu ikabaki nyingi, nzuri. Nikaigonga na mchi, nikaitia kwenye juisi."

"Mama, hukuona ni chafu?"

"Barafu?" Celina alinyoosha mkono mlangoni. Mlima Kenya ulikuwa wazi siku ile, kichwa cheupe kabisa. "Barafu si ile? Mungu mwenyewe anaiweka pale. Inaweza kuwa na uchafu gani?"

Kivuti hakumcheka, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Alivuta kigoda akaketi.

"Ile ya juu ni ya Mungu, mama. Hii ilitengenezwa kwa mashine, ikalala na samaki wabichi kutoka Mombasa. Samaki wa bahari anaweza kuwa na wadudu hao bila kosa la mtu. Ukimkaanga, wanakufa. Lakini juisi haikukaangwa."

Celina alijishika kichwa. Nilimshika mkono, tukaomba pale pale kwenye masufuria. Kisha nikarudi kwenye malango yote kuuliza juu ya juisi tu. Waliokunywa walikuwa wameugua. Wa chai walikuwa shambani.

Alhamisi Kivuti alimweleza chifu, na chifu akawaeleza vijana. Kibanda hakikufungwa. Tangu hapo Mursal humwambia kila mteja, hata asipoulizwa: "Barafu ni kitanda cha samaki. Mtu hanywi kitanda."

Nyanya Kiende alipopona, nilimpelekea habari yote mwenyewe.

"Kwa hivyo nimemnywa."

"Ndiyo, Nyanya."

"Mbichi."

"Mbichi."

Siku ya soko alinitaka nimsindikize Kinoru. Alisimama mbele ya kibanda na fimbo yake, na Mursal akarudi nyuma hatua moja.

"Wewe ndiye Mursal? Nikaangie mmoja. Nataka kumwona aliyetaka kuniua."

Mursal alimkaanga mpaka akawa mkavu kama kuni. Nyanya akafumba macho kuombea chakula, na aliomba sana, mpaka samaki akaanza kupoa. Kisha akabandua kipande kidogo, akatafuna.

"Ana mifupa mingi kuliko nyoka," alisema Nyanya Kiende, akachukua kipande kingine.