Doa la Mwanga Behewani

"Kwenu nyie wa kukodisha kwa simu, behewa ni zima hata likivuja kama chujio!" Theonest, baba yake Nelly, alimfokea Raudha, karani wa kampuni ya kukodisha mabehewa. Msimu uliopita mvua ilipenya behewani ikamwozeshea Theonest tumbaku yote aliyotoa Ushetu.

Raudha akavuta mlango wa behewa lililokuwa mbele yao. "Panda, Baba Nelly. Tujifungie humo. Penye tundu, mwanga utapenya."

Mlango ukabamizwa. Giza totoro. Theonest akakodolea macho paa, jasho likimtoka.

"Sioni kitu," akasema hatimaye, sauti imelainika. "Nisamehe, mama. Nalikodi."

Raudha alikuwa nyuma yake. Kwenye mgongo wa shati la Theonest, doa la jua lilikuwa limetulia, dogo kama punje ya mtama. Angenyamaza tu, mkataba ungesainiwa.

"Usisogee, Baba Nelly," akasema. "Mwanga uko mgongoni kwako."