Kidonge cha Bismuthi

Mwalimu Swaumu alikuwa na kidonge kimoja tu, na unga wa kutengenezea kingine haukuwepo Nachingwea, wala Ruangwa, wala popote pa kufikika kabla ya Ijumaa. Unga huo, oksaidi ya bismuthi na mwingine wa kuchanganyia, alitumiwa na rafiki aliyesoma naye chuo. Akausaga kwa mkono siku tatu, akaugandamiza, ukawa kidonge cheusi cha ukubwa wa kifuniko cha soda.

Kidonge cha namna hiyo ukikichoma vizuri, kisha ukakipoza kwa baridi kali kupita kiasi, hupitisha umeme bila kuupinga hata chembe, na sumaku ukiiweka juu yake huelea hewani. Ndicho walichotaka watu wa chuo kikuu: video ya sumaku ikielea juu ya kitu alichokitengeneza mwenyewe. Akiituma kabla ya Ijumaa kwisha, amepata nafasi ya kusoma. Akikosa, ndiyo basi, maana hawapokei aliyefikisha miaka thelathini na mitano, na Swaumu alikuwa anaifikisha mwezi ujao. Miaka kumi na mmoja amefundisha fizikia kwa chaki. Alichoka kuwaeleza watoto mambo ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuyaona.

Shule haina tanuri. Tanuri la kufika digrii mia nane na hamsini lilikuwa Namungo, kwa Harithi, fundi anayewayeyushia dhahabu wachimbaji wadogo. Harithi ni mtu mwema, na balaa lilianzia hapo hapo. Swaumu alimwachia kidonge, akamsisitizia: siku mbili na nusu, moto ule ule, usiongeze wala usipunguze. Angekaa akilinde mwenyewe, lakini alipangiwa kusimamia mitihani, na mkuu wa shule hakutaka kusikia habari za vidonge.

Aliporudi Alhamisi, Harithi alimpokea kwa kicheko.

"Mwalimu, kile kijiwe chako kigumu! Siku mbili nakiangalia, hata kulainika hakilainiki. Nikasema, dada wa watu atakuta kazi haijaiva, ataniona fundi gani mie? Nikakipiga moto wa dhahabu. Nusu saa tu, chali!"

Akamwonyesha chungu. Chini kulikuwa na utando mweusi unaong'aa, umeganda kwenye udongo. Kwa fundi wa dhahabu, kisichoyeyuka hakijaiva; angejuaje kwamba hiki kikiyeyuka ndiyo kimekufa? Swaumu alitamani kupiga yowe. Alitamani kumtukana. Akamtazama usoni, akaona mtu anayengoja shukrani.

"Asante, kaka Harithi."

"Hela sichukui, mwalimu. Hiyo ya elimu."

Nachingwea, bwana mifugo Faridi alikuwa anamsubiri na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, ile ya baridi kali anayohifadhia mbegu za madume ya ng'ombe. Swaumu alijua sumaku haitaelea, lakini aliimimina chunguni hivyo hivyo, maana mtu hakati tamaa kwa kutaka. Mvuke mweupe ukatanda mezani. Akaweka sumaku juu ya utando. Ikatua. Akaiinua, akairudisha, ikatua tena, ikatulia.

"Labda haijapoa sawasawa," Faridi akasema, akiinamisha mtungi. "Niongeze?"

"Usiimalize, bwana mifugo. Wabakishie ng'ombe wako. Wao wakikosa mwaka huu, mwakani watapandishwa."